Chanjo ya kideri sio dawa ya kuzima moto, mpe kuku muda

Wafugaji wenzangu wa kuku wa kienyeji, tuelewane hapa, maana kila msimu nasikia watu wanalalamika eti chanjo ya kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle au mdondo, ni feki, ukimuuliza vizuri unakuta kachanja baada ya kuku wa jirani kuanza kufa, siku ya tatu wa kwake nao wanaharisha kijani na shingo zinapinda. Mara nyingi hapo ugonjwa ulishaingia bandani, chanjo haijapata muda wa kufanya kazi.

Iko hivi. Ile chanjo ya tone la jicho, I-2, ina kirusi hai ila kipole. Nyuma ya jicho la kuku kuna tezi imejaa seli za kinga, na maji mengine yanashuka kupitia puani mpaka kooni, ndo maana usimwachie kuku kabla hajapepesa na tone likazama lote. Sasa zile seli zinakizunguka kirusi zinakimeza, kikishaingia kinafungiwa kwenye kifuko chenye asidi na vimeng'enya, protini zake zinasagwa kama firigisi inavyosaga mahindi mpaka vinabaki vipande vidogo sana. Ila havipotei vyote! Seli inabeba baadhi inavibandika nje kwenye ngozi yake, seli nyingine zinakuja kuvikagua, zile zinazokitambua kipande zinaanza kuzaliana na kuwaamsha wenzao wanaotengeneza kingamwili, yaani silaha za mwili za kupambana na kirusi, na chache zinabaki kama kumbukumbu. Mimi nilipolielewa hili niliacha kabisa kuchanja kwa kukurupuka.

Kazi yote hiyo inachukua kama wiki 1 mpaka 2, kwa hiyo chanja mapema kabla kideri hakijasikika, rudia kila baada ya miezi 3 au 4 maana kinga inashuka, na kuku mgeni mtenge wiki 2 umchanje huko huko kabla hujamchanganya. Anayeumwa usimchanje, haitamponya. Na lishe jamani, kingamwili zenyewe ni protini, kuku anayeshindia pumba tupu atazitoa wapi? Tafuta dagaa, mchwa, mashudu ya alizeti.

Chupa moja ina dozi nyingi na ikishafunguliwa haiwekwi mpaka msimu ujao, changeni majirani watatu wanne, mchanje siku moja alfajiri kabla hamjawafungulia, vifaranga nao msiwaruke.