Nyaya za pikipiki: mambo ya kuangalia kabla ya msimu wa karafuu

Mafuta, upepo wa mipira, taa na honi: hayo unayajua. Nyaya za mafuta, klachi na breki ndizo husahauliwa, na masika ya Pemba huziachia maji na kutu kabla hujaanza kubeba magunia.

Anza na waya wa mafuta. Vuta, achia, mkono urudi wenyewe papo hapo. Washa injini, weka nyutro, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Mlio ukipanda bila wewe kuvuta, waya umekazwa mno au umepitishwa pabaya. Usiondoke.

Mkono wa klachi, kwa pikipiki nyingi, ncha yake icheze bure milimita 10 hadi 20. Usipocheza, klachi inateleza na pleti zinaungua. Ukicheza mno, gia zinagoma kuingia.

Sasa shika hili, maana ndilo linalolaza watu njiani: kichwa cha waya ndani ya mkono wa klachi. Kile kipande cha risasi lazima kizunguke kila ukibana. Kikishika kutu hakizunguki, kwa hiyo waya unakunjwa shingoni palepale kila mara. Uzi mmoja unakatika, kisha wa pili. Mkono unakuwa mzito na unakwaruza. Dereva anadhani klachi imelegea, anakaza nati. Nyuzi zilizobaki zinabeba mzigo wote, mpaka siku zinakatika mlimani, abiria na gunia nyuma.

Kwa hiyo uvue. Legeza nati ya kufungia, ingiza kirekebishio (skrubu ya kukaza na kulegeza waya) mpaka mwisho, panganisha mikato ya nati, kirekebishio na mkono, toa waya. Ukiona uzi hata mmoja umekatika, nunua mpya, usichomelee. Ukiwa mzima, funga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye ncha ya juu kama faneli, uning'inize wima, tia mafuta ya cherehani mpaka yatokee chini yakiwa safi. Mafuta ya nazi hapana, yanaganda kukipoa. Grisi ni ya kichwa tu. Ndani ya ganda la waya itanasa mchanga. Ganda lenye bitana ya plastiki fuata maelekezo ya aliyelitengeneza, mengine hayatakiwi kutiwa kitu. Ukirudisha, geuza kirekebishio ili mikato isikae sambamba, la sivyo maji yanaingia na waya unaweza kuchomoka.

Waya wa akiba wa klachi ufunge kabisa kando ya ule unaotumika. Ukikatika mbali na duka la spea, unahamisha ncha tu. Breki ya mbele usiitilie waya wa baiskeli, hata kwa safari ya sokoni. Tazama pia ganda lisiguse ekzosi, lisibanwe na usukani, lisiwe limepasuka. Na waya wa mafuta ukinasa ukiwa mwendoni, bana klachi, zima injini kwa swichi, ndipo ushike breki.