Makangaga kwenye nusu kivuli: chunga utosi

Kangaga la kwanza nililopanda nililizika likiwa hai. Nilichimba shimo la kina, nikalitumbukiza mpaka shingoni, nikashindilia udongo kwa kisigino kama anayesimika nguzo ya ua. Baada ya wiki tatu niligusa pale katikati na vidole vikazama kwenye uozo. Maji lilipata, kivuli lilipata, mbolea lilipata. Kilichokosekana ni pumzi.

Tangu hapo, kila anayeniomba mche namwambia kwanza habari za utosi. Kangaga la bustanini halina shina la kusimama ukaliona. Shina lake ni rizomu, imejilaza ndani ya udongo au juu yake kidogo, na majani huchipuka kwenye ncha yake. Kwa aina zinazoota kama kikapu, ncha hiyo iko katikati kabisa. Mimi naiita utosi kwa sababu ni kama wa mtoto mchanga: haukandamizwi. Ukae usawa na uso wa udongo au juu kidogo, maana udongo uliotoka kuchimbuliwa hutitia ukishamwagiliwa. Aina zinazotambaa unazilaza tu na kuzifunika udongo wa sentimita 2 au 3, basi.

Sasa mahali. Watu husikia "kivuli" wakakimbilia pembe yenye giza kuliko zote, na kangaga linabaki kunyong'onyea. Jua la asubuhi kwa muda wa saa 2 au 3 halina neno, hata linalisaidia. Jua la mchana ndilo linalobabua kingo za majani. Siku moja ya mapumziko nilishinda bustanini na fungu la vijiti, kila saa nikichomeka kimoja pale kivuli cha mti kilipoishia. Watoto walinicheka sana. Lakini jioni niligundua kwamba pembe niliyoiamini miaka yote ilikuwa inapigwa jua tangu adhuhuri hadi saa tisa.

Kuna vivuli viwili vya kukuhadaa. Cha kwanza ni chini ya upenu wa nyumba: pana ubaridi, lakini mvua haipafiki, na udongo ni vumbi. Cha pili ni kwenye kitako cha mti, ambapo mizizi ya mwenyeji hunywa kila tone kabla ya mgeni. Sogea walau mita moja kutoka kwenye shina la mti, na usikate mizizi minene ili upate nafasi.

Udongo ndio kazi yenyewe. Makangaga mengi yalizoea sakafu ya msitu, kwa hiyo yanataka udongo mwepesi, wenye asidi kidogo, unaoshika unyevu bila kutuama. Hakuna kinacholingana na majani ya miti yaliyooza. Mimi huyajaza kwenye gunia, nalowesha, natoboa matundu, nalitupa nyuma ya nyumba na kulisahau mwaka mzima, wakati mwingine miwili, mpaka yawe meusi na yanukie kama ardhi baada ya mvua. Koleo 2 za udongo wa bustani kwa koleo 1 ya mboji hiyo. Samadi mbichi usiiweke kabisa, inaunguza mizizi. Na kabla ya kupanda, chimba shimo la sentimita 30 ulijaze maji: ukiyakuta bado kesho yake, inua tuta au tafuta pengine.

Acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche. Utaona pamepwaya. Vumilia. Kisha tandaza majani makavu unene wa kama sentimita 5, ukiacha utosi wazi. Mwaka wa kwanza usiache udongo ukauke. Mwagilia chini, kwenye mizizi, maji yafike ndani. Kunyunyiza majani juu juu kila jioni kunamfurahisha mwagiliaji tu.

Kuhusu aina, yangu ni haya. Dryopteris filix-mas ni mvumilivu, likishazoea hustahimili hata ukavu kiasi. Athyrium niponicum lina majani ya rangi ya fedha yanayong'arisha sehemu yenye giza. Osmunda regalis nililiweka karibu na bomba linalovuja, na tangu hapo sina haraka ya kumwita fundi, kwa kuwa lenyewe linapenda ardhi chepechepe. Adiantum capillus-veneris ni mpinzani wa wenzake: linapenda chokaa, kwa hiyo limestawi kwenye nyufa za ukuta wa mawe. Matteuccia struthiopteris ni zuri, lakini hupitisha matawi chini kwa chini na kuibukia kwa jirani. Ningejua, ningelipanda ndani ya ndoo iliyotolewa kitako.

Siku moja utageuza jani na kukuta vidoa vya kahawia vimepangwa safu. Usichukue dawa ya wadudu. Mimi nilishachukua, nikaunguza majani nusu ya tuta. Kangaga halina maua wala mbegu. Vidoa vile ni vifuko vya spora, chembe ndogo kama vumbi, ndiyo uzazi wake. Wadudu gamba, wale wanaojibandika kwenye mmea kama magamba, hawakai kwa mpangilio hivyo, wametapakaa popote, hata kwenye vikonyo.

Kugawa mashina ni rahisi. Kila baada ya miaka 3 hadi 5, mwanzoni mwa msimu wa kuchipua, ling'oe, likate kwa kisu kikali, kila kipande kiwe na utosi wake na mizizi yake, ukipande siku hiyo hiyo.

Penye baridi kali, aina nyingine hukauka majani yote. Usiyakate mapema, yanaukinga utosi. Yaondoe machipukizi yakikaribia kufunguka. Wala usiling'oe kwa kudhani limekufa. Bonyeza utosi taratibu kwa kidole. Ukiwa mgumu, subiri. Kuna moja nililing'oa kwa hasira, nikalikung'uta udongo, na pale katikati nikakuta machipukizi matano yamejikunja kama mikia ya vinyonga. Nililirudisha shimoni kimyakimya kabla watoto hawajaona.