Kufufua Pikipiki ya Zamani kwa Fedha Kidogo Katika Nyanda za Juu Kusini

Katika vijiji vingi vya Mbeya, Iringa na Njombe, nyuma ya banda la kuku au katika kona ya stoo ya mahindi, kuna pikipiki iliyosimama tangu mwenyewe alipostaafu kazi ya ubwana shamba au ya uinjilisti. Mara nyingi ni Honda, Suzuki au Yamaha, na mara nyingi mwenyewe atakuambia kwamba siku aliyoiegesha ilikuwa inawaka bila tatizo lolote. Maneno hayo yapokee kama salamu, wala usiyachukue kama taarifa ya ufundi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukirudisha chombo cha aina hiyo barabarani na kukipa sura unayoitaka bila kuuza ng'ombe, na mfano wangu mkuu ni Honda CG125, kwa kuwa katika pikipiki za zamani hiyo ndiyo inayomvumilia mtu asiye na fedha nyingi.

Uvumilivu huo una sababu yake. Honda iliitoa CG125 mwaka 1976 ikiwa na valvu zinazosukumwa kwa fito, pasipo mnyororo wa kuzungusha kemshafti (mhimili unaofungua valvu) juu ya injini, kwa sababu wahandisi wake walikuwa wameona jinsi watumiaji wa nchi zinazoendelea wanavyobebesha pikipiki mizigo mizito na kuchelewa kubadili oili. Baadaye viwanda vya China viliiga injini hiyo, na ndiyo maana vipuri vingi vya bodaboda za Kichina za ukubwa wa 125 huikubali: ringi, pistoni, gasketi, pleti za klachi na hata kabureta. Nimesema vingi, sikusema vyote. Nenda dukani na kipuri cha zamani mkononi, ukilinganishe palepale kaunta kwa kipenyo, idadi ya meno na nafasi ya matundu ya boli, hata kama muuzaji wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, anaapa kwamba vinafanana. Pikipiki za mipigo miwili, zile ambazo petroli yake huungua pamoja na oili, ni nyepesi na zina raha yake mlimani, lakini pistoni na sili zake ni shida zaidi kupatikana. Kama ni mara yako ya kwanza, nakushauri uiache Yamaha ya aina hiyo kwa anayeijua.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, tazama karatasi. Kadi ya usajili inataja namba ya chesisi, namba ya injini na rangi. Namba ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, na ya injini imegongwa kwenye mwili wa injini yenyewe. Zisafishe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka zisomeke, kisha uzilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Pikipiki nyingi za huku zilikuwa za idara, za miradi au za misheni, zikauzwa, kisha zikapita mikono mitatu minne kwa maneno ya mdomo bila umiliki kuhamishwa. Pita ofisi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) ya mkoa wako uhakikishe kadi inatambulika na uulize gharama ya kuhamisha umiliki, na mauziano yaandikwe mbele ya mashahidi katika ofisi ya mtaa au kijiji. Pikipiki isiyo na kadi, hata ukipewa bure, ihesabu kuwa ni vipuri.

Kuhusu fedha, kanuni ninayoifuata ni moja: safisha kwanza, pima, ndipo ununue. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa ubovu katika chombo kilichosimama miaka kumi ni uchafu, kutu ya juu juu na petroli iliyogeuka gundi. Mtu anayeanza kwa kununua kabureta mpya, koili mpya na plagi mpya hugundua mwishoni kwamba ni waya mmoja wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye fremu, ulioliwa na kutu. Andika orodha ya mahitaji baada ya kufungua chombo chote, na fedha itumike kwa mpangilio huu: breki na tairi, injini, umeme, na sura iwe ya mwisho.

Unapofungua, piga picha kila hatua kwa simu, na boli ziweke katika trei ya mayai, kila tundu likiwa na karatasi inayosema zimetoka wapi. Skrubu za nyota za Kijapani huliwa vichwa upesi na bisibisi iliyochakaa. Tumia iliyo kali, igonge kwa nyundo mara mbili tatu kabla ya kuzungusha, na zilizoshika kutu zilowekwe usiku kucha katika dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi. Fremu ikiwa tupu, ikague shingoni na pale shokapu za nyuma zinapofungwa. Ufa wowote hapo ni kazi ya mchomeleaji mzoefu, na wakati wa kuchomelea betri iwe imetolewa.

Sasa injini. Toa plagi, ziba tundu lake kwa kidole gumba, na mwenzako asukume kiki kwa mkono: hewa ikikisukuma kidole kwa nguvu, una bahati. Kiki ikigoma kabisa, mimina vijiko vichache vya ule mchanganyiko wa dizeli na oili ndani ya silinda, uache kwa siku kadhaa, kisha weka gia ya juu na uliyumbishe gurudumu la nyuma mbele na nyuma kwa mikono. Usiruke juu ya kiki kwa hasira, kwa kuwa utavunja meno ya gia yake na kugeuza tatizo dogo kuwa kubwa. Injini ikishazunguka, mwaga oili ya zamani, safisha chujio la waya, kisha fungua kifuniko cha upande wa klachi usafishe na kile kikombe kinachozunguka kwenye ncha ya krankishafti (mhimili mkuu wa injini), ambacho hukusanya tope la oili. CG125 haina chujio la karatasi, kwa hiyo kikombe hicho ndicho kinachoilinda, na mafundi wengi wa haraka huwa hawakigusi. Kisha rekebisha nafasi ya valvu injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu katika mpigo wa kugandamiza: milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Plagi iwe na mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7.

Ikiwa moshi ni wa bluu hata baada ya injini kupata joto, kuna oili inayoungua, na huenda silinda imelika. Pistoni kubwa zaidi huuzwa kwa hatua za milimita 0.25. Nunua pistoni kwanza, ndipo uipeleke pamoja na silinda kwa fundi mkerezaji, ili atanue silinda kwa kuipima pistoni ile ile itakayoingia. Anayetanua kwanza na kutafuta pistoni baadaye hulipia kazi hiyo mara mbili.

Kabureta inahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu ya mahali tunapoishi. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyembamba kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, ilhali kabureta humwaga petroli kana kwamba hewa haijapungua. Matokeo yake ni pikipiki inayokula mafuta, inayokohoa moshi mweusi na kukosa nguvu mlimani, na mwenyewe akadhani ringi zimekwisha. Kwanza safisha: fungua kila jeti (kipande chenye kitundu cha kupimia petroli), pitisha petroli na hewa ya pampu, na usichokoe kwa waya wa chuma, kwa sababu tundu likipanuka hata kidogo halirudi. Pikipiki ikishawaka, endesha kilomita kadhaa kwa mwendo wa kawaida, zima, utoe plagi uitazame. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, iache hivyo. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, hakikisha kwanza chujio la hewa si chafu, kisha pandisha klipu ya sindano ya kabureta mkato mmoja, jambo linaloishusha sindano na kupunguza petroli, na lisipotosha ndipo ununue jeti kuu iliyo ndogo kwa hatua moja. Lakini kama safari zako ni za kuteremka Tukuyu hadi Kyela, ambako ni kama mita 500 tu, usipunguze sana. Huko hewa ni nzito, petroli itakuwa pungufu na injini itachemka kupita kiasi, na pistoni iliyoungua ni ghali kuliko petroli uliyotaka kuokoa.

Tangi lenye kutu ndani ndilo linaloua kabureta iliyosafishwa. Dawa niliyoipenda kuliko zote ni molasi, ile ile wanayopewa ng'ombe wa maziwa, ambayo hupatikana katika maduka ya mifugo. Toa koki na kifuniko, ziba matundu, jaza mchanganyiko wa sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, na uliache wiki mbili. Katika baridi ya Juni na Julai kazi hiyo huenda polepole, kwa hiyo subiri zaidi. Vipande vya kutu vikiwa vinene, tangulia kwa kutikisa kipande cha cheni ya zamani ndani yake. Baada ya hapo suuza kwa maji mengi, likaushe juani siku hiyo hiyo, na ulizungushie oili kidogo ndani kabla kutu mpya haijaanza. Usiweke vipuri vya alumini katika molasi, maana italika. Na usimruhusu mtu yeyote kuchomelea tangi kwa sababu tu limekaa tupu miaka mingi: mvuke wa petroli hujificha kwenye mikunjo ya bati na hulipuka.

Breki za ngoma hazihitaji fedha nyingi, zinahitaji usafi. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo vumbi lake lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Lioshe kwa maji ya sabuni. Paka grisi kidogo kwenye kemu inayozisukuma shuu, badilisha nyaya zilizochanika, na uzungushe gurudumu usikilize kama ngoma imepinda. Tairi zina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Tairi la miaka kumi na tano lenye meno mazima bado ni tairi bovu, na anayeshuka mlima Kitonga kwa tairi kama hilo anajidanganya. Gonga spoku moja moja kwa spana: zinazolia kwa sauti nzito zimelegea.

Umeme nitaupitia kwa ufupi. CG125 za mwanzo ni za volti 6, na taa ya volti 12 ukiifunga humo itawaka kama mshumaa. Safisha kila kiungo, hasa ethi kwenye fremu, kabla ya kulaumu koili. Ikiwa ina pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche), mwanya wake uwe milimita 0.3 hadi 0.4.

Mabadiliko ya kwanza ninayoyapendekeza huku kwetu hayaonekani kwa macho: sproketi. Kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza meno mawili au matatu nyuma, na pikipiki itapanda na mzigo bila kuililia gia ya kwanza, ingawa mwendo wake wa juu utapungua. Baada ya hapo ndipo uje kiti kilichoshonwa upya, usukani mfupi na taa ya mviringo. Usikate fremu nyuma ya mahali shokapu zinapofungwa mpaka umeikalia na kupima. Madigadi fupi zinapendeza sana kwenye picha, lakini kuanzia Novemba hadi Aprili zitakurushia tope mpaka kisogoni. Mimi ya mbele niliifupisha, ya nyuma nikaiacha kama ilivyo. Kutoboa ekzosi ili iungurume kunapunguza nguvu ya chini, ambayo ndiyo tunayoihitaji mlimani.

Rangi iwe ya mwisho, na nasema hivyo kwa sababu mimi nilianza nayo. Tangi langu la kwanza nililipuliza rangi ya kopo, likang'aa kwa wiki moja, kisha petroli iliyomwagika wakati wa kujaza ikaibambua yote kuzunguka mdomo. Tangi linataka rangi ya magari inayochanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha rangi iwe ngumu. Sugua kwa msasa mpaka kwenye bati pale penye kutu, piga praima, kisha tabaka nyembamba tatu za rangi. Wakati wa mvua unyevu huifanya rangi kuwa na ukungu mweupe, na kiangazi vumbi huigandia. Pulizia kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, sakafu ikiwa imemwagiwa maji. Ukichagua rangi tofauti na iliyo kwenye kadi, peleka taarifa TRA kabla ya kuingia barabarani.

Kwa kilomita 500 za kwanza baada ya kubadili pistoni na ringi, usiilazimishe injini wala usipakie abiria. Mwaga oili ya kwanza mapema, hata kwenye kilomita 100, uitazame juani kwenye beseni jeupe: unga laini unaong'aa ni wa kawaida kwa ringi mpya, vipande vinavyoshikika kwa kidole ni vya kukurudisha kwa fundi. Siku hiyo hiyo kaza tena nati za kichwa cha silinda injini ikiwa imepoa usiku kucha, pima upya nafasi ya valvu, na gonga spoku zote mara nyingine.