Mstari wa Soul Train usiofia njiani

Ukitaja Soul Train, kipindi cha muziki na uchezaji cha televisheni ya Marekani, wengi hukumbuka dakika ileile: safu mbili zimetazamana, makofi yanalia, wachezaji wanashuka katikati wawili wawili. Don Cornelius alikianzisha kipindi hicho Chicago mwaka 1970. Mwaka uliofuata kikahamia Los Angeles na kusambazwa katika miji mingine ya Marekani, kikadumu hewani hadi 2006. Mstari wenyewe una asili ya zamani zaidi: ulitokana na Stroll, uchezaji wa miaka ya 1950 ambao vijana walijipanga safu mbili vilevile.

Kuurudisha mstari huo kwenye sherehe kunaonekana ni kuweka wimbo na kupanga watu tu. Kwa kawaida huvunjika kabla nusu yao hawajapita, na wasiojua kucheza hulaumiwa bure. Kinachouvunja ni nafasi na muda.

Chukua mfano wa watu 24. Safu moja ina watu 12, na kila mmoja anahitaji sentimita 50 za kusimama bila kubanana, kwa hiyo safu ina urefu wa mita 6. Njia ya katikati iwe na upana wa mita 2.5. Mita 2 zinatosha mtu mmoja aliyenyoosha mikono. Wawili watagongana viwiko. Bandika utepe wa karatasi sakafuni kuonyesha kingo zote mbili, na waambie watu vidole vya miguu visivuke utepe. Bila utepe njia huziba: kila mtu anataka kuona, anasogea nusu hatua, na baada ya jozi tano mita 2.5 zimekuwa mita moja na ushei. Acha pia mita moja mwanzoni na mbili mwishoni, la sivyo anayemaliza kwa mzunguko ataishia ukutani.

Usinyunyize poda sakafuni ili viatu viteleze. Itateleza kweli, hata kwa anayetua kutoka hewani. Kama soli za mpira zinanata, mwenye viatu hivyo apunguze mizunguko, basi.

Sasa muda. Chagua wimbo wenye mapigo kama 110 kwa dakika. Hapo nane moja, yaani hesabu ya mapigo manane, huchukua sekunde 4 na kidogo, na mchezaji akisogea mita 2 kwa kila nane, atamaliza mita 6 kwa nane tatu, yaani sekunde 13. Ukiwapitisha mmoja mmoja, kila mtu akisubiri aliyetangulia afike, watu 24 wanakula zaidi ya dakika 5. Wimbo wa dakika 3 na nusu utakuwa umeisha huku watu wanane hivi hawajaguswa na zamu. Wapitishe wawili wawili, na jozi inayofuata iondoke ile ya mbele inapomaliza nane ya pili. Wa mbele watakuwa wameshavuka mita 4, hakuna atakayemkanyaga mwenzake, na jozi zote 12 zitapita chini ya dakika 2. Mweke mtu mmoja mwanzoni wa kuruhusu jozi kwa kugusa bega. Kazi yake ni kuhesabu tu, hachezi.

Ikiwa watu wanazidi 30, tafuta toleo refu. Santuri za inchi 12 za mwishoni mwa miaka ya 1970 zilirefushwa kwa ajili ya sakafu za disko, na nyingi zina sehemu ya ngoma tupu inayofaa kabisa hapa. DJ akilazimika kuunganisha nyimbo mbili, tofauti ya mapigo isizidi matatu au manne kwa dakika; mruko mkubwa zaidi humkuta mtu katikati ya njia mguu ukiwa juu. Wimbo wa TSOP wa MFSB na The Three Degrees, uliotoka 1974 na kutumika kufungulia kipindi, uwekwe watu wanapojipanga.

Kosa linalosahaulika kuliko yote ni hili. Jozi ikifika mwisho hugawanyika, mmoja kushoto na mmoja kulia, na kuunga mkia wa safu. Hapo kila aliye kwenye safu lazima apige hatua moja kuelekea mwanzo. Wasiposogea, mstari unahama sentimita 50 kwa kila jozi, na zikishapita zote 12, umehama mita 6 nzima, pengine hadi uani.

Kwa waoga, wagawie zile nane tatu: ya kwanza kuingia kwa hatua mbili za kawaida, ya pili kuonyesha kitu kimoja, ya tatu kutoka. Kitu kimoja kinatosha. Mzunguko mmoja uliofungwa kwa kusimama ghafla, kama kwenye locking, mtindo wa kucheza wa Don Campbell, unapendeza kuliko vituko vinne vilivyoshindikana. Wala usimtangulize fundi wa kucheza wa ukumbi, atawatisha waliobaki. Anza na mchangamfu wa wastani, fundi awe wa tatu kutoka mwisho. Makofi yapigwe kwenye pigo la pili na la nne. Yakianguka la kwanza na la tatu, uchezaji unageuka gwaride.

Anayerekodi asimame mwisho wa njia, simu imelazwa, kwenye kimo cha kifua, wachezaji wakimjia. Miguu ionekane yote! Video nyingi za aina hii huishia magotini, na kazi yote iko chini. Taa zikimetameta kwenye picha, weka kasi ya shata 1/50 penye umeme wa hezi 50, au 1/60 penye hezi 60.

Kati ya duru mbili, pumzisha watu kwa Scramble Board: wawili wapewe sekunde 60 kupanga herufi zilizovurugwa hadi lipatikane jina. Kwenye kipindi lilikuwa la mwanamuziki au la Mmarekani mweusi mashuhuri. Hesabu herufi mapema. Aretha Franklin ina 14, zikiwamo A tatu, R mbili na N mbili. Ikipotea moja, mchezo haumaliziki.

Jozi ya mwisho ya duru ya pili ikifika mwisho, safu zote mbili ziingie njiani kwa pamoja, na DJ asiguse wimbo mpaka uishe wenyewe.