Kubadilisha asbesto kwenye bomba la hita la Kombi ya zamani

Kombi yenye injini nyuma inayopozwa kwa hewa haina rejeta, kwa hiyo joto la hita linatoka kwenye egzosi. Feni ya injini husukuma hewa kupitia vibadilisha joto viwili vinavyozunguka mabomba ya egzosi, kisha hewa hiyo hupita kwenye bomba refu chini ya sakafu mpaka kwa dereva. Bomba likiwa bila kufunikwa, huko mbele hufika uvuguvugu tu. Ndiyo maana lilivikwa vazi la kuzuia joto lisipotee.

Kwenye gari la miaka ya 1950 au 1960, vazi la kijivu au jeupe linalochanika kama kadibodi lichukulie kuwa ni asbesto, madini ya nyuzi yenye vumbi la hatari, mpaka maabara iseme sivyo. Kwa macho hakuna anayeweza kutofautisha. Kama bado ni zima na halimeguki, afadhali uliache na ulipake rangi ya kuhimili joto. Linatolewa pale linapochakaa au bomba lenyewe linapoliwa na kutu.

Vumbi lake halionekani wala halikeri koo, na saratani inayotokana nalo huweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini sana, ya kiwango cha FFP3 au P100, na unyoe ndevu, la sivyo hewa itapita pembeni. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Vaa ovaroli ya kutupa na glavu. Fanya kazi nje, siku isiyo na upepo, mbali na watu, juu ya nailoni nene.

Changanya lita 10 za maji na vijiko viwili vya sabuni ya kuoshea vyombo, kisha nyunyizia taratibu kwa kinyunyizio cha bustani cha kupampu kwa mkono. Subiri nusu saa: maji matupu huteleza juu, sabuni ndiyo inayoyafanya yapenye ndani. Gari likiwa juu ya stendi, si jeki peke yake, fungua klampu na ushushe bomba zima likiwa na vazi lake. Kulibandua ukiwa umelala chini yake ni kujimwagia usoni. Bomba likiwa juu ya nailoni, kata vazi kwa kisu na ulibandue vipande vikubwa, ukinyunyizia kila panapoonekana pakavu. Grenda, brashi ya waya, kompresa na ufagio visikaribie kabisa. Mabaki yafute kwa matambara mabichi.

Vazi, matambara, glavu na ovaroli viingie kwenye mifuko miwili ya nailoni nene, mmoja ndani ya mwingine, iandikwe HATARI: ASBESTO. Usichome wala usitupe jalalani. Kwa Kenya uliza NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kwa Tanzania mamlaka ya mazingira ya huko, wakuelekeze pa kuipeleka.

Kabla ya kuvika upya, kagua vibadilisha joto kwa tochi. Tundu la kutu kwenye bomba la egzosi ndani yake huingiza kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, kwa abiria, na blanketi jipya haliwezi kuzuia hilo.

Blanketi la faibaglasi lenye foili, unene wa milimita 13, linatosha hapa. Wengi hukosea kwenye kipimo: hukata kwa mzunguko wa bomba, kisha kingo hazikutani. Jumlisha kipenyo cha nje na unene wa blanketi, halafu zidisha kwa 3.14. Bomba la milimita 100 linahitaji upana wa milimita 355, kata 360. Usilikaze likabanwa, maana hewa iliyonaswa ndani ndiyo inayozuia joto.

Paka bomba rangi ya kuhimili joto kwanza. Mshono wa blanketi uelekee chini, ufunikwe kwa tepu ya alumini, kisha funga bendi za chuma cha pua kila sentimita 20. Kamba za plastiki hulainika na kukatika. Funika yote kwa bati jembamba la alumini, kwa sababu faibaglasi iliyolowa matope haihifadhi joto, na huozesha bomba upya.

Washa injini nje, fungua hita, weka kipimo cha kaboni monoksaidi chenye kengele ndani. Harufu ya gundi mwanzoni ni kawaida, acha madirisha wazi. Kengele ikilia, funga hita na usiendeshe mpaka kibadilisha joto kishughulikiwe.