Kufunga tairi la nyuma la baiskeli likae katikati

Jana dogo wa jirani kaziba pancha mwenyewe vizuri tu, ila kila akirudisha tairi la nyuma linasugua fremu upande wa kushoto. Hilo tatizo lilishanipotezea mchana mzima zamani, so naandika. Ni kwa baiskeli za cheni moja zisizo na gia, kama Phoenix.

1. Pindua baiskeli. Tumia spana ya ringi, mara nyingi ni namba 15. Plaizi hapana kabisa, na spana malaya pia siipendi, zinakula kona za nati. Legeza nati zote mbili, piga picha mpangilio wa washa (visahani vya chini ya nati), madigadi na keria, sukuma tairi mbele, toa cheni, vuta.

2. Kurudisha, anza na cheni kwenye meno, halafu ekseli (chuma cha katikati ya tairi kinachofungwa nati) kwenye nafasi yake ya fremu, washa, nati kwa mkono.

3. Sasa hapa taratibu. Ukivuta tairi nyuma ukakaza nati ya upande wa cheni moja kwa moja, cheni inairudisha ekseli mbele upande huo, ndo maana tairi linalalia kushoto, na wengi wakiona hivyo wanakimbilia kukaza spoku na kuharibu ringi iliyokuwa nzima! Fanya hivi: vuta nyuma, bana nati ya kushoto (upande usio na cheni) kidogo tu, ingiza kipande cha mti kati ya tairi na bomba la fremu la kushoto, karibu na pedeli, lisukume tairi kuelekea upande wa cheni mpaka likae katikati, hapohapo bana ya kulia. Kisha robo mzunguko huku, robo kule, usimalize upande mmoja. Cheni icheze juu-chini kama sentimita moja, sio zaidi ya moja na nusu, na zungusha pedeli kwanza maana kuna sehemu inakaza kuliko nyingine, pimia hapo penye kukaza. Washa yenye meno, meno yaangalie fremu, la sivyo ekseli itateleza tu ukikanyaga kwa nguvu.

4. Zungusha tairi uangalie nafasi. Ikibaki ndogo upande uleule muda wote, rudi hatua ya 3. Ikiongezeka na kupungua linavyozunguka, hapo ringi imepinda, mpelekee fundi wa spoku.

5. Angalia raba za breki, endesha kidogo, halafu kaza nati tena.