Shubiri mwitu: kuitumia bila kujidhuru

Wengi wetu huchemsha jani zima la shubiri mwitu na kunywa. Hapo ndipo penye hatari. Jani moja lina vitu viwili: utomvu wa manjano, mchungu, chini ya ganda, na ute usio na rangi katikati. Ute ni wa kupaka. Utomvu una aloini, inayosokota tumbo, inayoharisha na kuumaliza mwili madini ya potasiamu.

Hatua ya 1: Itambue. Jani likitoa maziwa meupe, hiyo si shubiri, ni jamii ya mnyaa, na maziwa yake yakiingia jichoni yanaumiza vibaya. Likinuka panya, liache hapohapo. Aloe ballyi, aina ya shubiri inayoota Taita na kaskazini-mashariki mwa Tanzania, ina harufu hiyo na ni sumu. Wala kukosa harufu si ruhusa ya kunywa. Usiyoijua usiichume.

Hatua ya 2: Chuja utomvu. Kata jani moja la chini lililokomaa, shina usiling'oe. Lisimamishe kwenye bakuli, upande uliokatwa ukiwa chini, mpaka manjano yakome kutiririka. Nawasihi, hatua hii msiiruke.

Hatua ya 3: Osha, menya, suuza ute. Jaribu kidogo mkononi, ungoje hadi kesho. Ukiwashwa, acha.

Hatua ya 4: Paka penye kuungua kidogo, ngozi ikiwa haijachunika, baada ya kupapoza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Kuungua uso, kuungua kwa kina au mtoto mchanga kuungua ni kwenda hospitali moja kwa moja.

Maswali

*Mwalimu, nina mimba ya miezi minne na choo kigumu. Ninywe kidogo tu?*

Usinywe hata kijiko, dada. Ujauzito na utomvu huu havikai pamoja. Waeleze kliniki, zipo dawa za choo salama kwako.

*Bibi anataka nipake shubiri kwenye chuchu ili mtoto aache ziwa.*

Bibi zetu wamefanya hivyo miaka mingi, nami siwadharau. Lakini mtoto anaumeza ule utomvu, na akiharisha hukaukiwa maji upesi. Mpunguzie ziwa kidogo kidogo, anza na la mchana.

*Baba anameza vidonge vya presha vinavyokojoza. Anaweza kunywa?*

Hapana. Vingi vya vidonge hivyo hupunguza potasiamu, na shubiri huipunguza zaidi, moyo ukapiga ovyo. Anayetumia digoksini, dawa ya moyo, ndiyo kabisa.

*Nawawekea kuku shubiri kwenye maji kwa ajili ya mdondo, ila bado wanakufa.*

Pole sana, kaka. Mdondo ni virusi, na kinga ya kutegemea ni chanjo. Muulize ofisa mifugo chanjo ya I-2: tone moja jichoni, kurudia kila baada ya miezi mitatu. Wachanje wakiwa wazima, na walioanza kuugua watenge leo.